Watalii wa Kitopeni

Ipo nchi moja, na jina lake silitaji kwa sababu lilibadilishwa juzi na rangi ya mabango bado haijakauka. Ni nchi njema. Serikali yake inawapenda wananchi kama mama anavyompenda mtoto aliyeshika kisu: kila wanachokishika, inawapokonya kwa upole.

Upande wa milimani wa nchi hiyo kuna kijiji kiitwacho Kitopeni, na hapo aliishi Bi Namkunda, mfinyanzi wa vyungu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mwenye vidole vilivyopindishwa na udongo na kauli ya taratibu kama mtu anayepima chumvi. Chungu hakiivi bila moto, moto hauwaki bila kuni, na kuni zilikuwa msituni, hatua mia mbili kutoka uani kwake. Mama yake aliokota humo, na bibi yake pia, enzi ambazo msitu haukuwa wa mtu yeyote. Sasa ulikuwa wa umma, na hapo ndipo shida zilipoanzia.

Jumatano moja asubuhi alikuta bango jipya limesimikwa pale njia inapoingia msituni. Herufi zake zilikuwa nyekundu: MSITU WA UMMA. UMMA HAURUHUSIWI KUINGIA. Chini yake, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeomba radhi, palikuwa pameandikwa: Isipokuwa kwa Burudani za Nje.

Bi Namkunda alilisoma mara mbili, akaona halimhusu, maana yeye alikuwa mtu mmoja tu, hakuwa umma. Akaingia.

Alipotoka na tita lake kichwani alimkuta Bwana Mhina, mlinzi wa msitu, ameketi chini ya bango anamsubiri kwa huzuni. Bwana Mhina alikuwa amelinda msitu ule miaka kumi na tisa, na maharage yote aliyokula katika miaka hiyo yalipikwa kwenye vyungu vya Bi Namkunda.

"Shusha mzigo, Bi Namkunda. Nina habari mbaya, na nina waraka."

"Anza na habari mbaya."

"Ni kitu hichohicho."

Waraka ulikuwa na kurasa thelathini na nane, na ulitoka Wizara ya Misitu, Mapumziko na Mambo Yanayofanana na Hayo. Bwana Mhina alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Kuokota kuni, marufuku. Kuchota maji, marufuku. Kupita msituni kwa nia ya kufika upande wa pili, marufuku. Kilichoruhusiwa ni burudani peke yake.

"Na burudani ndiyo nini?" aliuliza Bi Namkunda.

Mlinzi akafunua ukurasa wa tisa. "Burudani ni kutembea bila sababu ya maana. Ni kubeba mzigo mzito kwa hiari. Ni kupiga kambi na kuwasha moto wa kambi, kwa kutumia matawi makavu yaliyoanguka yenyewe. Ni kukaa mahali pasipo na starehe na kusema pana starehe."

"Watu wanabeba mizigo kwa hiari?"

"Wageni wa nchi za nje. Mwanamume mzima anabeba mfuko mkubwa kuliko tita lako, anaupandisha mlimani, halafu anaushusha uleule."

"Anapata nini?"

"Afya, wanasema."

Bi Namkunda aliutazama mzigo wake pale chini. Aliwaza vyungu ishirini na sita vilivyokuwa vimekauka uani vikingoja moto, na gulio la Jumamosi.

"Bwana Mhina," akasema, "niandike mimi. Nimekuja kutafuta afya."

Mlinzi akataka kucheka, kisha akakumbuka jambo. Tangu mwezi uliopita wizara ilimtaka apeleke kila Ijumaa idadi ya watu walioburudika, na Ijumaa zote nne alikuwa amepeleka sifuri. Mara ya mwisho Mkurugenzi wa Burudani za Nje alimjibu kwa barua kwamba sifuri si idadi, ni ukaidi, na kwamba wakaidi huhamishwa. Bwana Mhina alikuwa na mke, migomba na jino bovu, na mambo hayo matatu hayahamishiki kwa urahisi. Akatoa fomu.

Fomu iliuliza jina, jinsia, uzito wa mzigo wa burudani, na kiwango cha furaha kutoka moja hadi kumi.

"Niweke ngapi?" aliuliza Bi Namkunda.

"Chini ya saba wanaleta mpelelezi."

Akaweka nane. Ukurasa wa kumi na mbili ulitaka kila mgeni avae kofia, naye hakuwa nayo, hivyo Bwana Mhina akamwazima yake ya kazi. Bi Namkunda akashuka kwenda nyumbani na tita la kuni juu ya kofia ya serikali, akiwa mtu wa kwanza kuburudika katika Msitu wa Umma wa Ngurumo.

*

Habari ya aina hiyo haihitaji mbiu. Alhamisi walikuja kuburudika wanawake sita. Ijumaa walikuja ishirini, wote na kofia: za kulimia, za marehemu waume zao, na mmoja amefunika kichwa kwa kikapu akisema mtindo wake ndio huo. Mashavu, wifi yake Bi Namkunda, mwanamke mnene asiyekubali jambo mpaka alilaumu kwanza, alikuja na ndoo tatu.

"Ndoo si mzigo wa burudani," alisema Bwana Mhina bila nguvu.

"Naipandisha tupu, naishusha imejaa. Mzungu wako anaweza hilo?"

Akaandikiwa michezo ya maji.

Bi Namkunda mwenyewe akafikiri juu ya moto wa kambi. Waraka ulisema kambi ni mahali popote mgeni anapotua, lakini haukusema moto uwe na ukubwa gani, wala haukukataza kuweka kitu ndani yake. Akapandisha vyungu vyake kwenye uwazi karibu na chemchemi, akavipanga, akavifunika kwa matawi na nyasi, akawasha, akakaa pembeni siku nzima. Aliandikwa kuwa amepiga kambi. Vyungu viliiva vyekundu kuliko vilivyowahi kuiva uani, kwa kuwa pale hapakuwa na upepo. Kwenye fomu aliweka tisa, na safari hiyo alimaanisha.

Mwezi ulipoisha, Bwana Mhina alipeleka jumla ya waburudikaji elfu moja mia tatu na wanane. Makao makuu waliisoma, wakaisoma tena, wakapiga simu kuuliza kama ameongeza sifuri. Akaapa kwamba hakuongeza. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe wa wataalamu wanne, wakakaa nyuma ya kichaka na darubini siku nzima, na ripoti yao ikasema kwamba wageni wa Kitopeni wana nidhamu isiyo ya kawaida, wanaanza kuburudika kabla ya jua kuchomoza, na kwamba wengi huburudika huku wananyonyesha. Mjini paliitishwa semina ya siku tatu juu ya Muujiza wa Kitopeni. Mwishoni mwa semina waliafikiana kuitisha nyingine.

Kisha Waziri akasema atakuja mwenyewe.

*

Alikuja na magari thelathini na moja. Siku tatu kabla, mafundi walikuwa wamesawazisha njia ya msituni, wakaifagia majani, wakaifunika zulia la kijani lenye picha ya majani. Nyani walifukuzwa kwa sababu za usalama. Halafu mtu wa itifaki akagundua kwamba msitu bila nyani hauna hadhi, wakaletwa wawili kutoka bustani ya wanyama ya mjini, waliokaa juu ya mti wakiutazama msitu kwa mashaka.

Waziri alikuwa mtu wa tumbo na sauti. Alipanda jukwaani, akavaa kofia, akasema:

"Ndugu wageni. Taifa lisilopumzika ni taifa lililochoka. Na taifa lililochoka haliwezi kupumzika, kwa sababu limechoka. Ndiyo maana serikali yenu imeamua kupumzika kwa niaba yenu miaka yote hii, mpaka leo mlipokuwa tayari kujipumzikia wenyewe."

Makofi yalipigwa, ya kwanza kabisa yakiwa ya Mkurugenzi wa Burudani za Nje, Dakta Lukindo, bwana mrefu mwenye mafaili kwapani, ambaye hupiga makofi kabla ya sentensi kuisha ili asipitwe.

Bi Namkunda aliitwa mbele akavishwa nishani ya Mburudikaji Bora. Waziri, alipoona kamera, akataka naye ajaribu mchezo wa hapa. Walimtwisha tita. Wasaidizi wawili walishika tita huku na huku, wa tatu akamshika Waziri, na kwa namna hiyo alitembea hatua saba juu ya zulia. Redio jioni ilisema kilomita saba.

Alipotuliwa mzigo alisimama kando ya Bi Namkunda akijifuta jasho, akatazama bondeni, zilipoonekana paa za Kitopeni na moshi wa chakula cha mchana.

"Na wale kule ni nani?"

"Wanakijiji, mheshimiwa," alisema Bwana Mhina.

Waziri akamgeukia Bi Namkunda kwa huruma. "Mama, umetoka huko ulikotoka kuja kupata hewa safi. Moshi ule haukukeri?"

Bi Namkunda alilelewa kutomkatalia mgeni kwa ukali, hata mgeni aliyemwita yeye mgeni. Akainamisha kichwa kidogo. "Tumeuzoea, mheshimiwa."

"Mnasikia?" Waziri aliwaambia waandishi. "Mgeni wetu anavumilia. Mpaka lini mgeni atavumilia?"

Kabla gari lake halijawashwa, ilikuwa imeshaamuliwa. Kijiji cha Kitopeni kiondolewe ndani ya siku kumi na nne, ili kisiwasumbue watalii.

*

Usiombe kukaa na wifi siku kama ile. Mashavu alikuja uani, akajishusha juu ya kinu kilicholazwa, akaitazama nishani iliyoning'inia kwenye msumari.

"Wifi, umetuhamisha kwa adabu zako."

"Nilimjibu tu."

"Ungemwambia ndiyo, unanikera. Pengine angeuondoa moshi peke yake." Akageuka kutazama migomba ya nyuma ya nyumba. "Kaka yangu amezikwa nyuma ya ile migomba. Naye watamhamisha, au ataandikwa amepiga kambi?"

Usingizi haukumjia Bi Namkunda siku mbili, na kila udongo alioukanda ulipasuka. Ni kweli alikuwa amepata kuni, lakini sasa alikuwa akitazama jiko lake, ukuta aliousiriba mumewe, kizingiti kilicholika kwa miguu ya watu aliowajua kwa majina, na yote hayo alikuwa ameyatoa kwa maneno mawili ya heshima.

Siku ya tatu wanakijiji waliandika barua ya malalamiko. Jibu lilirudi haraka mno, kwa sababu lilikuwa limeshachapishwa: barua yenu imepokelewa, itashughulikiwa nafasi itakapopatikana, na nafasi haipo.

Bi Namkunda akaenda kwa Bwana Mhina. Alimkuta kibandani, amefunga shavu kwa kitambaa.

"Ule waraka," alimwambia, "unasema nini mgeni akilalamika?"

Mlinzi akafunua ukurasa wa thelathini na moja. Alisoma polepole, na alivyosoma ndivyo shavu lilivyomsahau. "Lalamiko la mgeni lishughulikiwe ndani ya siku saba. Lisiposhughulikiwa, Mkurugenzi atawajibika yeye mwenyewe."

"Fomu zake unazo?"

"Ninazo mia tano. Hakuna aliyewahi kuziomba."

Kesho yake watu mia mbili na kumi na wawili walivaa kofia, wakapanda msituni, wakalalamika. Kila mmoja aliandika kwamba amekuja kuburudika, kwamba amesikia kijiji kizuri cha Kitopeni kitaondolewa, na kwamba asipokiona asubuhi na jioni, hasa usiku anapolala, furaha yake itashuka hadi mbili.

*

Dakta Lukindo alifika siku ya kumi na nne. Alikuja na tingatinga moja, askari wanane na jasho la mtu ambaye cheo chake kina saa chache. Mkononi mwa kulia alikuwa na amri ya Waziri ya kuwaridhisha wageni kwa kukiondoa kijiji. Kushoto alikuwa na fomu mia mbili na kumi na mbili za wageni wasiotaka kiondolewe. Akaamua pande mbili zikutane zielewane. Mabenchi yakapangwa uwanjani, ya wageni kulia, ya wanakijiji kushoto.

Watu wote wakakaa kulia.

"Wanakijiji wako wapi?" aliuliza Dakta Lukindo.

Bi Namkunda akasimama, akavua kofia, akatembea taratibu hadi upande wa kushoto, akakaa peke yake kwenye benchi la watu sita.

Mkurugenzi alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga, angekuwa mjinga angeshapanda cheo. "Wewe ni mwanakijiji?"

"Ndiyo."

"Je, wageni hawa wanakukera?"

"Hawanikeri. Wananunua vyungu."

"Basi naomba mgeni mmoja aseme."

Bi Namkunda akainuka, akavuka uwanja huku akivaa kofia, akakaa kulia. Dereva wa tingatinga akazima injini ili asikie vizuri.

"Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo. Nina nishani."

"Moshi wa kijiji hiki unakukera? Fikiri kabla ya kujibu, mama."

Hapo Bi Namkunda aliiona njia yote aliyofika nayo pale, na mwisho wake ulikuwa neno moja. Akatazama paa za nyumba, akatazama migomba alipozikwa mumewe. Safari hii hakuinamisha kichwa.

"Naupenda," alisema. "Nisipoupata nitalalamika kila siku, na fomu zipo."

Dakta Lukindo akafunga faili. Akamwita Bwana Mhina pembeni, na wasemao wanasema alimnong'oneza, "Hivi unafikiri mimi sioni?"

"Unaona, Dakta."

"Naona. Lakini serikali inaona kofia, haioni kichwa. Kwa hiyo nitaandika kofia."

Akaandika. Kijiji cha Kitopeni kilitangazwa kuwa kivutio. Wakazi wake waliamriwa waendelee kuishi, kwa utulivu na kwa namna ya asili, na wasifuge chochote kisicho cha asili bila kibali. Tingatinga likarudi, na kwa kuwa lilikuwa limekodiwa kwa siku nzima, lilibomoa zahanati ya kijiji jirani ili lisirudi bure.

Mashavu alilia siku hiyo, akasema ni vumbi.

*

Bwana Mhina alipandishwa cheo kwa idadi zake. Alikabidhiwa msitu mpya wa umma katika nyanda kavu za kaskazini, msitu mkubwa kuliko wote nchini, ambao kilichobaki ni kuupanda tu. Jino alikwenda nalo. Bi Namkunda alimpa chungu cha maharage akakipakata njia nzima.

Nafasi yake alichukua Bwana Ndago, mlinzi aliyetoka chuoni na viatu vinavyong'aa, na pamoja naye ukaja waraka mpya. Wizara, baada ya semina ya pili, ilikuwa imeona kwamba burudani ya Kitopeni ndiyo burudani bora, basi ikaifanya kuwa ya taifa. Tangu siku hiyo, mtu yeyote anayeingia katika msitu wowote wa umma alipaswa kubeba tita la kuni kichwani.

Ilikuwa mwezi wa sita alipofika mtalii wa kweli. Alikuwa Bwana Zuberi, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka mji mkuu, aliyesikia habari za msitu redioni akapanda basi siku nzima ili aje kusikiliza ndege. Bwana Ndago alimzuia getini.

"Mzigo wako uko wapi, mzee?"

"Sina mzigo. Nimekuja kutembea."

"Kutembea na nini?"

Mwalimu alieleza, na alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kutiliwa shaka. Bi Namkunda alikuwa anatoka na tita lake wakati ule. Akasimama, akasikiliza, akalishusha.

"Chukua langu, mwalimu. Zunguka nalo msituni mpaka uridhike. Ukimaliza, nyumba yangu ni ya pili kushoto, ina vyungu uani. Liache hapo."

Mwalimu alishukuru kama aliyepewa funguo za mji. Akaliweka kichwani vibaya, likarekebishwa, akapigiwa muhuri, akaingia msituni akiyumba huku ametabasamu, na kwenye fomu akaweka kumi.

Bi Namkunda akabaki mikono mitupu. Kuni zake zilikuwa zinakwenda nyumbani zenyewe. Vyungu vya wiki vilikuwa vimeshaiva. Akarudi ndani polepole mpaka kwenye chemchemi, akakaa juu ya jiwe, akanyoosha miguu. Katika miaka hamsini na mitatu hakuwa amewahi kufika pale bila kitu cha kuinua. Maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa wa mwamba yakifanya sauti mbili, moja juu na moja chini, na alishangaa kwamba hakuwahi kuisikia ile ya chini.

Bwana Ndago akamfuata, viatu vikilia kwenye majani.

"Mama, unafanya nini hapa bila mzigo?"

"Nimekaa."

"Umekaa unafanya nini?"

"Nimekaa tu, mwanangu."

Mlinzi akatoa waraka mfukoni. Alipekua akiwa amesimama mpaka ukurasa wa kumi na moja, akarudi nyuma, akapekua tena. Kukaa tu hakukuruhusiwa. Wala hakukukatazwa. Hakukuwamo kabisa.

"Hili halipo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeachwa njiani.

"Pengine liko mbele," alisema Bi Namkunda, akasogea kumpisha juu ya jiwe. "Kaa utafute vizuri."

Bwana Ndago akakaa. Alisoma kurasa nyingine nne kwa bidii. Baadaye akalegeza kamba za viatu, kwa kuwa vilikuwa vipya na vilimbana, na waraka akauweka pembeni, juu ya nyasi, afungue vizuri.